Chuo Kisichomfelisha Mtu

Mwanangu Nyamizi,

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za kutomfungulia mlango usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho kituoni atakuambia tena. Hayo nayaruka. Umekwenda Itetemia kumuaga shangazi yako, nyumba imetulia, nami nimefuta vumbi la saruji kwenye benchi la karakana nikakaa kuandika. Nataka barua hii iwe imekwisha kabla hujarudi, maana nikikuona nitaahirisha, na mambo haya nimeyaahirisha miaka mingi.

Jumapili wageni walipokuja kukuaga, mmoja wao aliuliza itakuwaje elimu yako sasa, kwa kuwa chuo hukuchaguliwa na unakwenda Mpanda kutunza stoo ya watu wanaojenga. Hukusita hata kidogo. Ulimjibu, "Nitasoma mwenyewe kwa simu. Baba alimaliza uhandisi bila kukanyaga chuo." Watu wakanigeukia, wengine wakapiga makofi. Mimi nikainama kuokota punje za wali zilizoanguka mkekani. Mama yako alinitazama, akajua.

Sikumaliza uhandisi, Nyamizi. Nilianza, nikaruka, nikajidanganya, nikaangusha nyumba ya mtu, nikamsingizia mwingine, kisha nikaanza upya. Hayo ya katikati hujayasikia kwa sababu niliyaficha. Kama unakwenda kusoma kama baba, basi ujue kwanza huyo baba alisoma vipi.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa napiga plasta nyumba ya mwalimu mmoja wa sekondari hapa mjini. Alikuwa amekaa sebuleni na kompyuta yake, anamtazama mzee mmoja mwenye mvi akichora boriti ubaoni. Nilimuuliza huyo ni nani. Akaniambia ni profesa wa chuo kikuu cha ng'ambo, na kwamba chuo chenyewe kimeamua kuyaweka masomo yake wazi mtandaoni, atazame atakaye, bila ada wala fomu. Nilidhani ananitania. Akanivutia kigoda.

Profesa alichora boriti imelala juu ya nguzo mbili, akaweka mshale katikati unaosukuma chini. Mwalimu akawa ananitafsiria polepole: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa, na zege halipendi kuvutwa, ndiyo maana nondo zinalazwa chini. Mimi nilikuwa nimelaza nondo chini miaka kumi na moja kwa sababu fundi aliyenifundisha alizilaza chini. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilibaki na mwiko mkononi mpaka plasta ikakauka kwenye ubao wangu, na sikuona haya kumwambia mwalimu kwamba machozi yalikuwa yananilengalenga.

Unajua nilivyotoka kidato cha nne. Nilifaulu Kiswahili, mengine karibu yote nikafeli, hesabu ikiwemo. Tangu hapo nilikuwa nimejihesabu katika watu ambao mlango umefungwa nyuma yao. Siku ile niliona kwamba mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mlinzi.

Mwalimu alinijazia kadi ya kumbukumbu ya simu masomo ya mwaka wa kwanza. Nilipoyamaliza nikawa nakwenda maktaba ya mjini kupakua mengine, na vitabu ambavyo waandishi wake wenyewe wameruhusu visomwe bure, na mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Kiingereza kilinitesa. Dakika moja ya profesa niliirudia mara nane, kamusi mapajani. Miaka miwili nilikwenda hivyo, na katika miaka hiyo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko nilivyowahi kuwa. Hilo silikani. Kile ulichokiona usoni mwangu ulipokuwa mdogo, kilikuwa kweli.

Lakini sikiliza nilivyokuwa nasoma. Kila mwisho wa somo kulikuwa na maswali, na kurasa chache mbele kulikuwa na majibu yake, hatua kwa hatua. Nilisoma swali, nikatafakari kidogo, nikafungua jibu, nikasema, naam, ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Kisha nikalinakili kwa mwandiko mzuri kwenye kaunta buku. Kaunta buku nne zilijaa kwa namna hiyo. Ndizo ulizozikuta kwenye sanduku ukazipiga picha ukawaonyesha wenzako. Ule mwandiko ni wangu, mwanangu. Kufikiri si kwangu.

Chuo cha namna hii kina neema na kina hatari, na zote mbili ni kitu kimoja: hakimfelishi mtu. Ukiruka somo, hakuna anayekuita ofisini. Ukijiambia umeelewa, hakuna wa kukubishia. Mimi nilikuwa mwanafunzi na nilikuwa mtahini, na mtahini yule alinipenda mno.

Kulikuwa na somo zima la udongo. Mhadhiri wake alikuwa anazungumza taratibu, anatumia saa nzima kueleza chembe za mfinyanzi na maji yanavyokaa kati yake. Nilitazama saa moja na nusu nikaliacha. Nilisema mimi ni mtoto wa mkulima, udongo nimezaliwa nao, nipeni boriti na nguzo.

Mama Kulwa wa Goweko unamfahamu kwa jina. Hukuwahi kuambiwa kwa nini kila mwaka mvua zikianza napanda treni kwenda kwake. Alikuwa amelima karanga na tumbaku tangu ujana wake, mabinti zake pacha wameolewa mbali, na alichokitaka kabla hajazeeka ni nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, yenye kizingiti cha saruji. Tofali zilichomwa na Shija, jirani yake, mtu mpole ambaye tanuri lake lilijulikana mpaka vijiji vya mbali. Kazi ya kujenga akanipa mimi, kwa kuwa mama yangu na yeye walitoka kijiji kimoja, na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mtoto wa mwenzake anasoma mambo ya chuo kikuu.

Ilikuwa kiangazi. Kiwanja chake kiko ukingoni mwa mbuga, udongo mweusi. Nilipiga sululu ikadunda kama nimepiga jiwe. Nikafungua kaunta buku mbele yake, nikakokotoa uzito wa kuta, nikagawanya kwa upana wa msingi, nikalinganisha na jedwali linaloonyesha udongo mgumu unabeba kiasi gani. Jedwali likasema unabeba, tena unazidi. Nikaamua msingi hauna haja ya kwenda chini sana wala kuwa mpana kama mafundi wa pale walivyozoea.

Mama Kulwa alisimama kando akitazama. Akaniambia, "Mwanangu, hapa kiangazi kikikolea ardhi inafungua mdomo. Mkono wangu unazama mpaka kwenye kiwiko."

Nikamjibu, "Mama, hesabu imekubali."

Hakuongeza neno. Aliheshimu kile kitabu. Katika yote nitakayokuandikia hapa, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine: kwamba mwanamke aliyelima kiwanja kile miaka yote alinyamaza kwa ajili ya majibu niliyonakili.

Babu yake babu yangu alikuwa mpagazi. Njia aliyopita na mizigo ya watu kwenda Ujiji inakaribiana na reli utakayopita kesho, mpaka pale itakapokunja kuelekea Mpanda. Bibi alinisimulia kwamba wapagazi wa kwetu, kabla hawajatua mizigo, waliuliza kila kijiji kisima kiko wapi na kimepungua kiasi gani, hata kama kisima hicho walikinywa mwaka uliopita. Mimi nimezaliwa katika watu hao, na niliona ni kujishusha kumuuliza mama mkulima shamba lake likoje.

Mvua za kwanza zilileta ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari. Mama Kulwa alipiga simu kunieleza. Nilimwambia nyumba zote mpya hujikalisha, aujaze mota ya saruji. Mvua za mwaka uliofuata zikarudi, na asubuhi moja, akiwa chumbani ananyanyua debe la karanga za mbegu, ukuta wa upande wa magharibi ukamwangukia. Alivunjika mkono wa kulia mahali pawili. Msimu ule hakulima. Mkono haukunyooka tena mpaka leo.

Habari ilinifikia nikiwa kazini. Nilishuka jukwaani, nikanawa mikono, nikakaa. Ilikuwa rahisi kupanda treni siku ileile. Goweko si mbali. Sikupanda. Jioni, mafundi wenzangu waliponiuliza, nikasema tofali zilikuwa mbichi, Shija alizitoa tanurini kabla hazijaiva. Nilisema mara moja tu, lakini maneno ya namna ile hayahitaji kurudiwa. Baada ya miezi michache nilisikia kwamba watu wa Goweko wameanza kununua tofali kwingine. Na hapo pia nilinyamaza.

Kaunta buku nikazifungia sandukuni. Wewe ulikuwa umeanza kuja kukaa karibu yangu nikisoma, ukiniuliza mishale ile maana yake nini. Siku moja nilikufukuza kwa ukali, nikakuambia ucheze na wenzako. Ulidhani umenikera. Hukunikera. Uliniuliza swali na sikujua jibu lake.

Nilipata kazi Ulyankulu, barabara ilikuwa inawekwa makalavati. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke kijana, Injinia Semeni, mtu wa maneno machache, aliyekagua kila nondo kwa mkono wake. Nilimpenda kwa hilo, na nikataka ajue kwamba mimi si fundi wa kawaida. Niliporudi nyumbani mwisho wa mwezi nilizitoa zile kaunta buku nikazibeba. Ona kiburi kilivyo kigumu kufa. Nyumba ilikuwa imeanguka, mwanamke amevunjika, na mimi bado nilitaka kusifiwa.

Alizisoma wakati wa chakula cha mchana, ukurasa kwa ukurasa, sahani yake ikapoa. Mwisho akauliza, "Haya yote alikusahihishia nani?"

Nikamwambia hakuna haja, majibu yalikuwa palepale, nililinganisha.

Akachana mfuko wa saruji uliokuwa mtupu, akaupindua upande safi, akachora boriti yenye mizigo miwili, akanipa kalamu. Lilikuwa swali la mwaka wa kwanza. Lilikuwamo kwenye kaunta buku ya pili, ila mizigo ilikuwa mahali pengine. Nyamizi, nilikaa na kile kipande cha mfuko mpaka wenzangu wakarudi kazini. Nilijua jibu linavyofanana. Sikujua linaanzia wapi.

Hakucheka. Aliniambia, "Wewe umejifunza kusoma majibu, Fundi. Hilo nalo ni kitu, lakini si hiki." Kisha akasema kama nataka, atanisahihishia kila Jumamosi mchana muda wote barabara itakapokuwa inajengwa, kwa sharti kwamba nimpelekee kazi yangu kabla sijatazama jibu lolote, na nisifute nilipokosea. Wa kwanza kunipangia somo alikuwa yeye. Akanirudisha kwenye udongo.

Safari hii sikuruka. Yule mhadhiri wa polepole nilimsikiliza neno kwa neno, na kwa kuwa nilikuwa nafanya maswali kwa jasho langu, nilianza kumsikia. Alieleza kwamba upo mfinyanzi unaokunywa maji ukavimba, na kiangazi ukakauka ukajikunja, na kwamba ugumu wake wa kiangazi ni uongo, usiupime wakati huo. Akaonyesha jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani: saga udongo mkavu, weka kwenye glasi, tia alama, mimina maji, ngoja.

Nilimwomba mtu wa Goweko aniletee mfuko mdogo wa udongo kutoka kiwanja cha Mama Kulwa. Nilichukua glasi ya mama yako, ile yenye maua. Nilitia alama kwa kalamu ya wino. Kesho yake mchana ule udongo ulikuwa umepanda juu ya alama kiasi cha vidole viwili. Mama yako aliniuliza ule ni udongo wa wapi. Aliitazama glasi, akanitazama mimi, akasema, "Wa Goweko." Akaenda zake jikoni. Nadhani alikuwa amejua siku nyingi, alikuwa ananingoja.

Nilikwenda. Mama Kulwa alikuwa akiishi katika kibanda cha jiko cha kaka yake. Siku zote alinipokea kwa Kinyamwezi, kama mtoto wake. Siku hiyo aliniambia, "Karibu," kwa Kiswahili, kama anavyoambiwa mgeni aliyekuja kuandikisha watu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akitazama pembeni. Nilimwomba Shija aitwe. Alipokuja na kuketi, niliwaambia wote wawili.

"Nyumba niliiangusha mimi. Tofali hazikuwa na kosa. Udongo ule unavimba, Mama Kulwa aliniambia, sikumsikiliza, kwa sababu somo lake sikulisoma. Na baada ya hapo nilisema uongo."

Niliwaeleza habari ya glasi. Shija alichora chini kwa kijiti. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Sasa umetuambia sisi wawili. Ule uongo uliwaambia wangapi?"

Nilifanya lile alilolitaka. Siku ya gulio nilisimama karibu na lundo lake la tofali ambalo halikuwa likinunuliwa, nikawaeleza waliokuwapo, na waliofika baadaye nikawaeleza tena. Wengine walicheka. Mzee mmoja aliniambia niendelee kusoma hivyohivyo, nitaua. Nilikaa pale mpaka jioni. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule, na ule ndio wa kwanza ambao sikuandaliwa majibu.

Mama Kulwa alikuwa na sharti lake. Alisema nyumba nitaijenga upya, mahali palepale, na kabla sijachimba yeye ndiye atakayenionyesha. Ile miezi mitatu ya kiangazi ulipokuwa darasa la sita, nilipokuambia nimepata kazi nzuri Goweko, kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Nililala kwenye jamvi kibandani kwa Shija, na tofali alizitoa yeye. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anataka watu wazione zimesimama.

Mama Kulwa alitembea kiwanjani, mkono wake uliopinda ukiwa kifuani, akionyesha kwa mguu: hapa nyufa huwa pana, hapa maji hutuama, hapa chini kidogo utakuta changarawe nyekundu, niliiona tulipochimba choo. Tulichimba mpaka tukaipita ile nyeusi yote tukafika kwenye changarawe. Tulijaza tabaka kwa tabaka, tukashindilia, tukazungusha mkanda wa zege wenye nondo chini ya kuta zote. Hesabu niliifanya mwenyewe, bila kitabu, nikaipiga picha nikamtumia Injinia Semeni. Akajibu mstari wa tatu una kosa. Ulikuwa na kosa. Nilirudia.

Nyumba ile imesimama mpaka leo. Kila mwaka baada ya mvua za kwanza nakwenda kutazama kona za madirisha. Mama Kulwa hunisalimia kwa Kinyamwezi siku hizi, lakini ilichukua misimu mitatu, na debe hanyanyui tena.

Barabara ilipokwisha, Injinia Semeni alihamishwa mkoa mwingine. Sina maneno makubwa ya kumwelezea. Alinipa Jumamosi zake. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta wa kunisahihisha popote: mwalimu yule wa sekondari, kijana mmoja wa ofisi ya maji, na wageni nisiowajua kwenye yale majukwaa ya mtandaoni ambako wanafunzi wa masomo haya huulizana maswali. Mmoja wao aliwahi kuniandikia kwamba swali langu ni la kijinga, kisha akalijibu kwa kurasa mbili. Nilimshukuru kwa kurasa, la ujinga nikamwachia. Wewe unaona haya kuuliza, umeirithi kwangu, na sina la kukuambia juu ya hilo ila kwamba kwangu iligharimu mkono wa mtu.

Kuna jambo lingine ambalo hupendi nilitaje, la cheti. Juzi uliniambia elimu ni kichwani, karatasi ni ya watu wa ofisi. Nilipokuwa na umri unaokaribia wako, na hata baada ya hapo, nilisema hivyohivyo. Miaka miwili iliyopita niliitwa kwenye kikao cha kujenga madarasa, nikaeleza michoro ilivyo na kasoro, na nilikuwa sahihi. Mwenyekiti akaniuliza kwa adabu shahada yangu iko wapi. Nikasema sina. Akanishukuru na kumpa nafasi ya kuzungumza mtu mwingine. Niliumia sana. Lakini nikiwa njiani nilijiuliza: siku ile kwa Mama Kulwa, kama angekuwapo mtu wa kuniuliza vilevile, kwa adabu vilevile, si mkono wake ungekuwa mzima? Tangu hapo sijalidharau swali lile. Mimi si injinia na sijiiti hivyo, wala sitii saini mchoro wa mtu. Ninachokijua kinanifanya niwe fundi anayejua kwa nini, na hilo kwangu limetosha. Kwako sitaki litoshe. Dirisha la maombi likifunguliwa mwakani, omba tena. Ukisoma vizuri huko Mpanda, utakwenda chuo umekwisha kuwa mwanafunzi, na wengi hufika hawajawa.

Stoo utakayoitunza itakuwa na nondo, saruji, mabomba, na watu wanaokuja kuvichukua. Wengi wao watakuwa wanajua mambo ambayo kitabu kitakueleza baada ya miezi sita. Usiwaonyeshe simu yako kwanza. Waulize. Na ukisoma, funika jibu. Utakaa mbele ya karatasi tupu na utajiona mjinga, utataka kuinua mkono uchungulie. Pale unapojiona mjinga ndipo somo lilipo. Mimi niliukimbia ule ujinga miaka miwili, kumbe nilikuwa naikimbia shule yenyewe.

Zile kaunta buku nne, usiende nazo. Nimeziona umezipakia chini ya nguo, nimezitoa. Mahali pake nimeweka nyingine tatu, za Jumamosi za Ulyankulu na za baada yake. Hazipendezi. Zimejaa wino mwekundu wa Injinia Semeni, na kuna ukurasa ameandika tu, "Tumia akili." Hizo ndizo ninazozionea fahari, ingawa sijawahi kumwonyesha mtu.

Nakusikia barabarani sasa, unaagana na mtoto wa jirani, kwa hiyo nafupisha. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi moja zaidi. Ni swali la tuta la lambo na maji yanavyopenya ndani yake. Nimelifanya mara sita tangu mavuno, na mara sita limenishinda. Hakuna anayejua kwamba limenishinda, hata mama yako. Majaribio yote sita yako hapo, sijafuta kitu. Ukishapata pa kukaa, ukishatulia, litazame. Nami nitakuwa bado nahangaika nalo. Ukilielewa kabla yangu, usiniandikie jibu. Niandikie mahali nilipoanza kukosea.

Baba yako,
Maganga